Kabla Hujaitia Majini: Mazungumzo Kuhusu Stempu za Zama za Malkia Victoria

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi alasiri mbele ya watu waliokuja na albamu, bahasha na makopo ya biskuti yaliyojaa stempu kuukuu. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha. Palipohitaji picha nimeeleza kwa maneno.

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa ngazini kwa kukosa viti, karibuni.

Nianze na ombi. Nawaona wengi mmeshika kitu mkononi, na macho yenu yaniuliza swali moja tu: hii ni pesa ngapi? Swali hilo nalijua. Siendi harusini wala matangani ila hutokea mtu akanivuta kando: "Mzee, wewe si ndiye wa stempu? Babu aliacha moja ya malkia, ya zamani kwelikweli. Nitapata kiwanja?" Ombi langu ni hili: msiniulize bado. Nipeni saa moja. Nikimaliza, huenda wengine mtarudi nyumbani mmenuna, na mmoja wenu, mmoja tu, huenda leo asipate usingizi.

Niwaulize mimi kwanza. Kabla ya mwaka 1840, kule Uingereza, aliyelipia barua alikuwa nani? Mwandishi? Sivyo. Kwa kawaida alilipa aliyeipokea. Tena alitozwa kwa kuhesabiwa umbali na idadi ya karatasi. Fikiria mtu wa posta yuko mlangoni, barua mkononi, na wewe huna hata thumuni.

Basi kuna kisa kinachosimuliwa kwa namna nyingi. Msichana wa kijijini aliletewa barua. Akaichukua, akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha: "Sina pesa, ichukueni." Bwana mmoja mpita njia akamwonea huruma, akalipa. Yule msichana hata hakufurahi. Alipoulizwa, akakiri kwamba ndani hamna neno hata moja. Nduguye huchora alama ndogo juu ya barua: hii maana yake mimi mzima, hii maana yake naja. Akishaziona alama, habari amepata, na posta haikupata kitu.

Mwacheka? Mwacheka kwa sababu mwajua. Si kubipu huko? Simu inalia mara moja, inakatwa, na ujumbe umefika bila senti kutoka mfukoni. Mnadhani mliianza nyinyi!

Mtu aliyetaka kuumaliza mchezo huo aliitwa Rowland Hill. Mwaka 1837 alitoa kijitabu akisema: barua nyepesi ilipiwe peni moja tu, iende popote nchini, na alipe anayetuma. Kutokana na wazo hilo, tarehe 1 Mei 1840 ikaanza kuuzwa stempu ya kwanza ya gundi duniani, na kuanzia tarehe 6 ikaruhusiwa kutumika. Ni ile Penny Black, Peni Nyeusi. Kipande cha karatasi nyeusi chenye uso wa Malkia Victoria akitazama kushoto. Jina la nchi halimo. Lingewekwa la nini, na hakuna nchi nyingine iliyokuwa na stempu? Hadi leo Waingereza hawaandiki jina la nchi yao kwenye stempu. Wanaweka kichwa cha mtawala, yatosha.

Na ule uso, hebu utazameni vizuri mkipata nafasi. Ni uso wa binti, umetokana na medali ya mwaka 1837. Victoria akaolewa, akazaa watoto tisa, akafiwa na mume, akazeeka, akafariki mwaka 1901 na miaka 81. Kwenye stempu za nchi yake alibaki kijana miaka yote hiyo. Kwa hivyo usijaribu kuukisia umri wa stempu kwa kutazama mikunjo ya Malkia. Hutaiona.

Sasa tufike kwenye pesa. Peni Nyeusi ndiyo ya kwanza duniani, imepita miaka 180 na ushei. Basi si lazima iwe ghali kupindukia?

Haiwi. Zilichapwa zaidi ya milioni 68 kwa muda usiotimiza mwaka. Na siku zile watu wengi hawakutumia bahasha. Barua ilikunjwa yenyewe kwa yenyewe, stempu ikabandikwa upande wa nje wa karatasi hiyo. Mawakili na mabenki walizihifadhi barua zao, na stempu zikahifadhika humo. Ziko nyingi. Iliyotumika, yenye hali ya wastani, mara nyingi huweza kupatikana kwa bei ya simu ya kawaida, si bei ya kiwanja. Tena hata bei hiyo haitokani na uchache wake. Inatokana na wingi wa wanaoitaka, kwani kila mkusanyaji duniani anataka angalau moja.

Halafu kuna ndugu yake mdogo, Peni ya Zambarau, iliyotoka mwaka 1881 ikatumika hadi mwisho wa utawala wa Victoria. Hii ndiyo wengi wenu mmeileta leo. Nimeshaichungulia kwenye makopo mawili pale mlangoni. Mwajua zilichapwa ngapi? Zaidi ya bilioni 33. Bilioni! Nyingi hazifiki thamani ya kikombe cha chai. Mama aliyeniuliza mlangoni, unisamehe, nilishindwa kukwambia pale pale.

Lakini usiitupe. Shika hapo. Hiyo hiyo Peni ya Zambarau nitairudia, na nikiirudia itakuwa imevaa nguo nyingine.

Kwa hivyo kama ukuukuu si thamani, thamani iko wapi? Hapa nataka tuvute viti karibu, maana jibu liko kwenye vitu vidogo kuliko punje ya mtama.

Chukua Peni ya Zambarau kwa lenzi. Kwenye kila pembe, karibu na fremu, pana nukta. Zihesabu. Zikiwa 16, ni ile ya kawaida. Zikiwa 14, ni ya miezi ya mwanzo tu, Julai hadi Desemba 1881, na bei inapanda mara nyingi. Tofauti ni nukta mbili! Mtu asiye na lenzi atauza zote kwa kilo.

Au chukua Peni Nyekundu, iliyoirithi Peni Nyeusi mwaka 1841. Kwa nini rangi ilibadilishwa? Kwa sababu ya wajanja. Posta walikuwa wakigonga mhuri mwekundu juu ya stempu nyeusi, na wino ule mwekundu ulisafishika. Mtu anaifuta stempu, anaibandika tena. Basi wakageuza: stempu ikawa nyekundu, mhuri ukawa mweusi usiotoka. Likumbukeni jambo hili la watu kufuta mihuri. Mimi mwenyewe litanikuta mbele.

Peni Nyekundu zilichapwa kwa mabamba ya chuma, kila karatasi ikiwa na stempu 240, zenye thamani ya pauni moja kamili kwa hesabu ya zamani. Kila stempu ina herufi pembeni zinazoonyesha nafasi yake kwenye karatasi. Tangu miaka ya 1860 stempu zikaanza kutoka na namba ya bamba pia, lakini imefichwa. Itafute kulia na kushoto, ndani ya nakshi, imesimama wima, nyembamba kama unywele. Ukiona 71, sawa. Ukiona 150, sawa. Ukiona 77, kaa chini kwanza.

Bamba namba 77 lilikuwa na kasoro. Liliamuliwa lisitumike, na karatasi zilizokwisha kuchapwa ziharibiwe. Chache zikaponyoka. Zinazojulikana leo zinahesabika kwa vidole, na moja imewahi kuuzwa kwa zaidi ya nusu milioni ya pauni. Peni moja ile!

Sasa msikilizeni binadamu. Liko pia bamba namba 177, la kawaida kabisa. Je, ungekuwa mlaghai ungefanya nini? Ungechukua wembe, ukaparuza ile 1 ya mbele taratibu, ikabaki 77. Na ndivyo walivyofanya. Kwa hivyo ukiikuta 77 kwenye kopo la babu, furahi kidogo tu, kisha chukua lenzi kali utazame mbele ya 7 ya kwanza. Karatasi iliyoparuzwa huota manyoya.

Niingie kwenye jambo la hali ya stempu, na hapa sitaki kusimulia ya Waingereza. Nitasimulia aibu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Bibi yangu alikuwa na kasha la mbao lenye misumari ya shaba, mnayajua makasha yale, na chini kabisa, chini ya udi na vitambaa, palikuwa na barua zimefungwa kwa ukanda wa kanga. Zilikuwa za baba yake, aliyefanya biashara kati ya Mombasa na Unguja. Ndani zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nje kuna anwani, mihuri na stempu. Bibi akanipa. "Mwanangu, wewe wapenda hivi vikaratasi, chukua."

Nikachukua mkasi. Nikazikata stempu tisa, nikazitia kwenye beseni la maji mpaka zikabanduka, nikazianika juu ya gazeti. Barua na bahasha? Zilikuwa na mende na zimetoboka. Asubuhi iliyofuata ziliwasha seredani. Chai ilichemka vizuri, nakumbuka.

Baada ya miaka nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Kihindi mjini aliyekuwa akinunua na kuuza stempu nyuma ya duka la nguo. Nikampa albamu yangu kwa majivuno. Akavaa miwani, akashika kibano, akainua moja katika zile tisa. Ilikuwa stempu ya India iliyochapwa juu yake neno Zanzibar. Akaitazama muda mrefu. Kisha hakuniuliza nimeipata wapi. Akaniuliza:

"Bahasha iko wapi, kijana?"

Nikamwambia sina. Akairudisha stempu mahali pake, akasema tena polepole, kama anayemuuliza marehemu: "Bahasha iko wapi?"

Wazee wangu, kwa miaka mingi swali hilo limekuwa likinigonga usiku. Stempu peke yake inasema: nilichapwa. Stempu ikiwa juu ya bahasha inasema: nilitoka mahali fulani siku fulani, nilipanda chombo, nilipitia posta hii, nilimfikia mtu huyu. Mihuri, tarehe na anwani ndiyo ushahidi, na kwa barua nyingi za zama hizo za pwani yetu, bahasha nzima huweza kupita thamani ya stempu yake mara nyingi. Mimi niliukata ushahidi kwa mkasi wa mama.

Mngedhani nilijifunza. Nilipoanza kupata mshahara nikaagiza kwa posta stempu ya Kiingereza ya shilingi moja, ya mwaka 1884, rangi ya kijani. Ikaja imeng'ang'ania kipande cha karatasi. Nikaitia majini. Nilipoirudia, kijani kilikuwa kimeondoka. Imebaki rangi ya jani la ndizi lililokauka.

Kumbe ndivyo ilivyokusudiwa! Mnakumbuka wale wajanja waliofuta mihuri mwaka 1840? Posta haikuwasahau. Katika miaka ya 1880 wachapaji wakatumia wino wa zambarau na wa kijani uliotengenezwa makusudi uyeyuke ukiguswa na maji, ili atakayejaribu kuosha mhuri aioshe na stempu yenyewe. Mtego uliotegewa wezi wa London ukaja kuninasa mimi Mombasa, karibu miaka mia baadaye, na beseni langu.

Kwa hivyo nawaambia, na nitarudia: usiioshe. Usiikate. Usiibandue. Usiipige pasi, na kuna mtu aliyewahi kuipiga pasi, yumo humu ndani, simtaji. Usiitie selotepu. Ishike kwa kibano, si kwa vidole vyenye mafuta ya mahamri. Iache kama ilivyo mpaka ujue ni nini.

Anayenunua anatazama nini? Peni Nyeusi haikuwa na vitobo vya kuchania. Karani wa posta alikata kwa mkasi, na siku ya foleni mkasi ulikwenda ovyo. Ndiyo sababu yenye kingo nyeupe nne zilizo kamili ni ghali zaidi kuliko iliyokatwa hata unywele mmoja wa picha. Zenye meno, zilizoanza rasmi miaka ya 1850, hutazamwa kama zina jino lililong'oka. Nyuma hutazamwa gundi, na kama kuna mpasuko au mahali karatasi imechujuka. Mhuri mzito uliompaka Malkia masizi usoni hushusha bei; mhuri mwepesi wenye jina la mji na tarehe inayosomeka huipandisha. Yaliyobaki ya upande huu mtajifunza kwa kutazama nyingi.

Sasa turudi nyumbani. Nilisema nitaileta ile Peni ya Zambarau na nguo nyingine.

Mwaka 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa ilihitaji stempu za kutumia hapa Mombasa. Hawakuwa nazo. Basi wakazichukua stempu za Uingereza, ikiwemo hiyo hiyo Peni ya Zambarau iliyojaa duniani kama mchanga, wakazichapa juu yake kwa wino mweusi jina la Kampuni na thamani mpya; Peni ya Zambarau ikawa nusu ana. Maana hapa tulikuwa tukihesabu kwa rupia na ana, si kwa peni. Zilianza kutumika mwezi Mei. Baada ya miezi michache zikaisha, na za Kampuni yenyewe, zile zenye jua na taji, zilikuwa bado hazijafika. Ikabidi zitumike za India mpaka Oktoba.

Mmeelewa kilichotokea? Karatasi ni ile ile. Malkia ni yule yule. Zambarau ni ile ile isiyofika bei ya chai. Lakini mistari michache ya wino mweusi, na uhaba wa miezi michache katika mji huu, imeigeuza ikawa stempu ya mamia ya pauni. Kama kuna Peni ya Zambarau kwenye kopo lako, kabla hujanuna, soma kilichoandikwa juu yake.

Na taabu haikuishia hapo. Mwaka 1891 stempu za thamani ndogo zilipungua tena hapa Mombasa. Wakachukua za thamani kubwa, wakakata thamani ya zamani, wakaweka mpya, kisha mtu akatia sahihi ya kifupi kwa kalamu juu ya kila stempu. Ukiona A.D., huyo ni Andrew Dick, mhasibu mkuu wa Kampuni. Ukiona V.H.M., ni Victor Mackenzie, meneja wa benki. Hebu wafikirieni wameketi katika joto la Mombasa, jasho likidondoka, wakitia sahihi kipande kimoja kimoja cha karatasi kidogo kuliko kucha ya gumba. Mzee Dick na mwenzake walidhani wanatimiza kazi ya ofisi tu.

Vuka bahari uende Unguja. Huko posta ilikuwa ikiendeshwa na India, na stempu zilikuwa za India, mpaka Novemba 1895 Unguja ilipochukua posta yake. Zikachapwa papo hapo, juu ya stempu za India, neno Zanzibar. Mchapaji alipanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, na herufi za risasi hupangwa kinyume, kama unazisoma kwenye kioo. Usiku, taa ya mafuta, macho yamechoka. Chukua lenzi. Z, a, n, z, i, halafu tazama herufi inayofuata. Tumbo la b linapaswa kuwa mbele ya mgongo. Kwenye baadhi ya stempu, tumbo limegeukia nyuma: ni d. Zanzidar! Kosa la kidole kimoja cha mchapaji, na wakusanyaji hulitafuta kwa tochi.

Mwaka uliofuata, 1896, zikatoka stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, na siku mbili baadaye Waingereza wakalipiga mizinga kasri katika vita vile vifupi vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote. Stempu zenye sura yake zilibeba barua za watu baada yake.

Lakini kipenzi changu hakiko pwani. Kiko bara, Mengo, Uganda. Nipeni nafasi niisimulie hii bila haraka.

Machi 1895 serikali ya Uganda ilitaka kuanzisha posta ya ndani. Mtambo wa uchapaji haukuwapo karibu. Kuagiza London ni miezi, na mizigo yote kutoka pwani ilikuwa ikibebwa kichwani na wapagazi. Reli ilikuwa haijaanza kujengwa. Aliyekuwa na mashine ya kupiga taipu alikuwa mmisionari Ernest Millar. Akaombwa atengeneze stempu. Akaketi, akatia karatasi nyembamba, akapiga.

Hamna malkia. Hamna nakshi. Kuna fremu ya vistari vilivyopigwa kwa taipu, juu kuna U upande mmoja na G upande wa pili, na katikati ya fremu kuna namba. 5. 10. 20. 50. Namba za nini? Za peni? Za ana? La. Za kauri! Wengine huziita simbi. Wale konokono wadogo wa bahari yetu, tunaowaokota ufukweni na watoto kuwachezea, waliofika mpaka Buganda mikononi mwa wafanyabiashara, huko wakawa fedha. Kauri 200 kwa rupia moja. Na nendeni Kampala leo mkamuulize mtu pesa kwa Kiganda huitwaje. Atawaambia: ensimbi.

Kwa hivyo yuko Malkia London ambaye uso wake umepelekwa dunia nzima, na huku ndani ya himaya yake kuna stempu isiyo na uso wake, bei yake imeandikwa kwa makombe ya bahari. Millar alizipiga kwanza pana; baadaye akazipiga nyembamba; akabadilisha utepe, zikatoka za zambarau. Thamani moja ikipungua, alichukua kalamu akabadilisha namba. Mwaka 1896 hesabu ikahamia kwenye ana na mambo ya kauri yakaisha. Leo nyingi katika zile alizozipiga kwa kauri huuzwa kwa maelfu ya pauni.

Nawaona vijana wamenitolea macho. Najua mnachofikiri. Mashine kuukuu ya taipu, karatasi nyembamba, jioni moja... Wenzenu wamewatangulia, tena zamani. Stempu ya Millar ni rahisi sana kughushi, na ndiyo sababu hakuna mnunuzi mwenye akili atakayeigusa bila cheti. Ziko taasisi zenye jopo la wataalamu, mashuhuri ikiwa Royal Philatelic Society London iliyoanzishwa mwaka 1869. Unapeleka stempu, unalipa ada, wanaipima karatasi, wino na mashine, wanakupa cheti chenye picha yake. Hata neno Zanzibar na jina la Kampuni yamechapwa na walaghai juu ya stempu za bei ya chai. Ikiwa kitu ni cha bei, cheti. Kikiwa cha bei ya chai, ada ya cheti itakula chai yako na andazi.

Jambo la katalogi, yaani kitabu cha orodha ya stempu na bei zake, nalipita upesi kwa kuwa limewaliza wengi. Bei ya katalogi si bei ya sokoni. Ni bei ambayo mwuzaji mkubwa angekuuzia ile iliyo katika hali nzuri kabisa. Wewe unayeuza utapata sehemu yake, na yako ikiwa na jino lililong'oka, sehemu ya sehemu. Anayekuja nyumbani akaliangalia kopo zima kwa dakika tano akakupa noti mpya mpya kwa haraka, muulize ana haraka ya wapi.

Mwenye mkono ulioinuliwa, naam. Anauliza ghali kuliko zote ni ipi. Ni ya Guiana ya Waingereza, kule Amerika Kusini, ya senti moja, mwaka 1856. Stempu kutoka London zilichelewa, wakachapa kwa muda kwenye mtambo wa gazeti, wino mweusi juu ya karatasi nyekundu ya kuelekea zambarau, picha ya jahazi. Imekatwa pembe, ina uchafu, na ukiiona hutaiokota. Mvulana wa miaka 12, Vernon Vaughan, aliikuta mwaka 1873 kwenye makaratasi ya mjomba wake, akaiuza kwa shilingi sita ili anunue nyingine nzuri zaidi. Iko moja tu duniani. Mwaka 2014 iliuzwa New York karibu dola milioni 9.5. Na mwaka 2021 ikauzwa tena, milioni 8.3. Imeshuka, mmesikia? Hata hiyo hushuka. Anayewaambia stempu ni benki isiyofilisika, mpeni chai mumsindikize.

Mimi huwa namfikiria mvulana yule. Hakukosea kuiuza. Hakuna aliyejua kwamba ni peke yake. Lakini hakuiosha wala hakuikata zaidi, na ndiyo maana ipo.

Haya. Saa yangu imekwisha, na nimewaahidi kuangalia mlivyoleta. Kuna lenzi tatu mezani, vibano viwili, na taa. Makopo ya Peni ya Zambarau yaende meza ya kushoto. Vijana watasaidia kuhesabu nukta na kusoma maandishi ya juu. Albamu ziende kulia.

Na wewe mama, safu ya tatu, mwenye buibui na mfuko wa plastiki. Tangu nilipotaja kasha nimekuona unauminya huo mfuko. Hiyo ni bahasha, au sio? Nzima? Usiitoe hapo penye feni. Usiikunjue. Njoo nayo hivyo hivyo, mkono chini yake. Jamani, mpisheni mama apite.